Fundi Aliyekalia Viti vya Wateja

Nianze na ukweli wangu, maana wanaonijua watausema hata nikiuficha: nilimwonea wivu mtu huyu miaka yote niliyomfahamu. Sikumchukia. Ningemchukia ningemgeuzia mgongo nikapumzika. Wivu ulinifanya nimtazame kila siku, tangu anafungua banda lake asubuhi mpaka analifunga, na ndiyo sababu leo naweza kumweleza vizuri kuliko watu waliompenda.

Karakana yake na yangu zilitazamana hapa Kasongo, kwenye barabara inayotoka mjini kuelekea Kabambare. Upande wake palikuwa na banda la mabati matatu na shina la mchikichi lililolala, ambalo wateja walilikalia. Upande wangu palikuwa na banda la mabati sita, na kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi ya buluu. Watu walifika mbele ya kibao changu, wakakisoma chote, kisha wakavuka kwenda kukaa kwenye mchikichi wake.

Yeye aliitwa Fundi. Uchungu wangu ulianzia hapo. Mimi pia nilishika spana, mimi pia nilifungua injini na kuzifunga, lakini mimi niliitwa kwa jina langu la ubatizo. Mtu akisema, “Napeleka pikipiki kwa Fundi,” hakuna aliyemwuliza fundi gani. Yeye mwenyewe aliniita “jirani”. Miaka yote ile, jirani. Kitu nilichokitaka, nakisema bila aibu, ni kwamba siku moja mtu atamke neno lile huku akinitazama mimi.

Sifa yake kubwa ilitokana na kuosha injini. Barabara ya kwetu wakati wa kiangazi ni vumbi, na mvua zikianza ni tope linalofika kwenye goti. Madereva huibebesha oili kazi mpaka inakuwa nyeusi na nzito. Kwa hiyo wakati wa kubadilisha oili wengi wanataka ndani kuoshwe kwanza: unatia dawa kidogo kwenye oili ile ya zamani, injini inazunguka muda mfupi, uchafu unalegea, kisha unamwaga vyote na kutia oili mpya. Ukieleza hivyo, hata mtoto atadhani anaweza. Mimi nilidhani hivyo pia.

Mimi niliosha haraka. Nilitia mazutu, yaani dizeli, kwa kukadiria kwa jicho, nikawasha, nikavuta gesi mpaka watu wa sokoni wakajua kuwa naosha, nikamwaga. Nilipenda ile kelele. Niliona inatangaza kazi.

Yeye alianza kwa kunusa. Aliacha injini ipate joto kidogo, akafungua kifuniko, akainamisha pua pale kana kwamba anaonja mboga. Kisha alichovya kidole, akakipangusa kwenye kipande cha kitambaa cheupe na kukinyoosha juani. Alikitazama kitambaa kile muda mrefu kiasi kwamba mwenye pikipiki alianza kuogopa. Wakati mwingine alikunja kitambaa akasema, “Hii moteri sitaiosha. Imezeeka sana. Nikiosha leo, uchafu yote itaanguka mara moja, itaziba njia ya oili. Badilisha oili leo, rudi baada ya juma moja tubadilishe tena. Polepole.”

Katekista mmoja aliambiwa hivyo akakasirika. Alikuwa amekuja kuoshewa, hakuja kupewa ushauri. Akavuka barabara, akaja kwangu. Nilifurahi siku hiyo, nikamwoshea kwa kelele zote nilizokuwa nazo. Baada ya siku tatu pikipiki yake ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na kugonga ndani. Nilimwambia kuwa oili ya siku hizi haina nguvu. Jumapili iliyofuata katekista alinisalimia kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi.

Halafu zikaja zile chupa. Duka moja la mjini lilileta dawa ya kuosha kutoka mbali, chupa nzuri yenye picha ya gari jekundu. Kila dereva akaitaka. Fundi aliigeuza chupa kila upande, akaiweka juu ya mchikichi.

“Hapa naona gari,” alisema. “Pikipiki iko wapi?”

“Muzee, moteri si moteri?” nilimwuliza kutoka upande wangu, kwa sauti, ili wateja wacheke.

“Jirani, kwenye gari ambreyaji iko pembeni. Kwenye pikipiki inaoga ndani ya ile ile oili. Hii dawa inateleza.”

Wateja walicheka kweli, lakini sikujua wanamcheka nani. Nilitia dawa ile kwenye pikipiki ya mwuza samaki wa Nyangwe. Kwenye kilima cha kwanza sahani za ambreyaji, ile klachi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, ziliteleza, injini ikapiga kelele nyingi na gurudumu likakataa kusogea. Mwanamke yule akarudi akisukuma pikipiki, kapu lake la samaki kichwani, akapita mbele ya kibao changu bila kukitazama.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane mpaka Kabambare lilikuwa kiti. Akishakubali kuosha, alipima dawa kwa kopo dogo la tomati, akaimimina, kisha kabla ya kuwasha alifungua bulo, zile bolti za kiti cha pikipiki. Alikitoa kiti, akakiweka chini, akakikalia. Ndipo alipowasha injini na kuiacha ikizunguka taratibu, ralanti tupu, bila kugusa gesi. Shemeji yake, mzee mmoja aliyetembea kwa mkongojo, alimletea kikombe cha chai kutoka nyuma ya nyumba. Mbabula ya makaa haikuruhusiwa kusogea karibu na kazi, wala sigara, kwa hiyo mtu mwenye mguu mbovu alizunguka nyumba nzima na chai ya moto mkononi. Fundi aliinywa bila haraka. Chai ikiisha, na muda wa dawa umekwisha. Alizima, akangoja kidogo ili isimuunguze, akafungua bulo ya chini, akachuja oili chafu kwenye kitambaa, akasafisha kichujio, akatia oili mpya, akasikiliza. Kiti kilirudi mwisho kabisa.

Wenye haraka walilalamika.

“Fundi, nipe kiti yangu, niko na safari!”

“Dawa ingali ndani. Pikipiki iko mugonjwa. Mugonjwa hatembei.”

“Nafika tu pale kwa shangazi, narudi!”

“Mugonjwa haendi kwa shangazi.” Akanywa chai.

Nilimwita mvivu. Nilisema amegundua namna ya kukaa kitako huku wengine wanafanya kazi. Kisha, nilipoona kwamba watu wanapenda jambo hilo na wanalisimulia, nami nikaanza kutoa viti. Nilivikalia upande wangu, nikatazamana naye, na mke wangu akaniletea chai niliyoinywa kwa mafunda mawili kwa sababu sikuwa na kiu. Sikujua kiti kinatolewa kwa nini. Niliona kinapendeza tu.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Injini za watu zilikuwa safi, lakini suruali yake ingeweza kusimama peke yake. Oili chafu hakuimwaga hata tone ardhini, aliitia kwenye bidoni la plastiki na kuwapa watu wapake nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa, lakini hapo hapo alitema ugoro popote. Alikuwa bahili wa sifa. Nilimsikia akiisifu bulo: “Hii bulo ni muzuri.” Mtu, hapana. Bisi, yaani skrubu, ikigoma kufunguka aliitukana kwa Kibangubangu, akidhani hakuna anayeelewa, na nusu ya wateja walikuwa Wabangubangu.

Na jambo moja lilinishangaza kuliko yote: hakupanda pikipiki. Hakuijaribu barabarani hata aliyoitengeneza mwenyewe. Mwenye nayo alizunguka, yeye akasikiliza. Alikwenda Nyangwe kwa miguu kula samaki, akarudi kwa miguu, huku madereva aliowahudumia wakimpita na kusimama, “Fundi, panda!” Alipunga mkono. Mimi nilieneza habari kwamba haamini kazi yake mwenyewe. Watu waliniambia, “Acha, ni tabia ya muzee.” Ningekuwa mimi ninayetembea, wangesema ni mwoga.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sipendi kuieleza.

Mwaka ule wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu walikuwa wengi barabarani. Asubuhi moja alikuja mmoja wao, mtu wa kutoka Uvira, na pikipiki iliyopakiwa mizigo. Kwa Fundi mchikichi ulikuwa umejaa, kwa hiyo akaja kwangu. Nilitia dawa, nikatoa kiti, nikakikalia, nikawasha. Sikuwa nimefika katikati ya chai alipokuja kusimama mbele yangu.

“Nipe kiti, ndugu. Nafika pale kona kuaga rafiki yangu, narudi sasa hivi umalize.”

Nilitazama ng'ambo. Wateja wa Fundi walikuwa wakinitazama. Nilitaka waone kwamba kwangu mtu hasumbuliwi, kwamba mimi ni fundi anayeelewa wenye safari. Nikasimama, nikafunga kiti.

Hakurudi. Nilisikia sauti ya injini ikipita kona, ikipanda, ikielekea Kabambare. Alikuwa na haraka zake, na labda alifikiri kwamba kilichobaki ni mapambo. Chini ya mahali pikipiki ilipokuwa imesimama, beseni langu la kupokea oili lilikuwa kavu.

Nilijua. Oili iliyochanganywa na dawa ni nyepesi, haibebi mzigo. Kwenye mteremko wa mto ulio njiani, injini ikikamata ghafla, gurudumu la nyuma linakamata nalo, na mtu anarushwa. Nilijua yote hayo, nikanyamaza. Nikajiambia huenda atafika. Nilichoogopa zaidi ni watu kwenye mchikichi kujua.

Fundi alivuka barabara. Sikumbuki kama aliwahi kuivuka kabla ya siku hiyo.

“Jirani, ile pikipiki, dawa ulishaitoa?”

“Nilishaitoa, Muzee.”

Akatazama beseni. Alirudi kwake, akachukua kopo la oili mpya, kopo tupu na spana mbili, akamwendea dereva mmoja aliyekuwa akingoja zamu, akapanda nyuma yake. Alifumba macho kabla pikipiki haijaondoka. Watu wote waliokuwa pale walisimama. “Fukuza yule wa dhahabu,” alisema, “lakini weye usitembee mbio sana.” Hakuna aliyecheka.

Mchana ule nilikaa na shemeji yake, kwa sababu sikuweza kukaa peke yangu. Alinimiminia chai, akaunyoosha mguu wake mbovu juu ya shina la mchikichi.

“Unajua ni kwa sababu gani anakalia kiti?” aliniuliza.

“Hapana.”

“Zamani, akiwa kijana, alikuwa anaosha moteri yangu. Miye nilikuwa na haraka. Nilimwomba niende nayo kidogo tu. Alinipa, sababu miye ni ndugu ya bibi yake, aliona haya kunikatalia. Moteri ikakamata kwenye mteremko.” Akaugonga mguu kwa mkongojo. “Tangu ile siku anakalia kiti. Na tangu ile siku hapandi.”

Nilikuwa nimemwiga mtu huyu kiti chake na chai yake kwa miaka, na kumbe alikuwa amekalia mguu wa shemeji yake. Niliona aibu. Na ndani ya aibu ile, niseme yote, wivu ulikuwepo bado: hata kosa lake alikuwa amelibeba vizuri kuliko mimi nilivyolibeba langu. Yeye kosa lilimfanya Fundi. Mimi nilikuwa nimesema uongo mbele ya beseni kavu.

Dereva alirudi jioni peke yake na habari. Walimkuta yule wa dhahabu juu ya mteremko, amezuiwa na lori lililokwama kwenye tope. Injini ilikuwa inachemka na kunuka. Fundi alimwaga kila kitu kwenye lile kopo tupu, akatia oili yake mpya, akaisikiliza, akamruhusu aende. Kisha akakataa kurudi kwa pikipiki. Aliingia Kasongo kesho yake kabla ya saa sita, kwa miguu, tope mpaka kiunoni, kopo la oili chafu mkononi. Alinipita bila kunitazama, akaenda kunawa.

Baada ya majuma mawili yule wa dhahabu alipita tena. Alisimama kwangu, akashusha jogoo mkubwa mwekundu.

“Ndugu, aksanti. Yule muzee aliniambia ni weye ulikumbuka, ukamutuma mbio anifuate. Fundi mwingine angenyamaza.”

Fundi mwingine. Neno nililolingoja miaka yote lilikuja namna hiyo, na nikashindwa kulimeza. Nilitazama ng'ambo. Yeye alikuwa amekalia kiti cha mtu, akinywa chai, akitazama upande wa mto. Ningeweza kuvuka na jogoo. Ningeweza kusema ukweli. Nilimchukua jogoo nikampelekea mke wangu, tukamla, na nyama yake ilikuwa ngumu.

Hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Nilianza tu kunywa chai yangu polepole.

Kisha macho yake yakaanza kuona ukungu, hakuweza tena kusoma kitambaa. Binti yake aliyeolewa Kabambare akamwita. Shemeji alitangulia kwa pikipiki, akiwa amefunga mkongojo pembeni, akiimba. Fundi akaenda kwa miguu, siku kadhaa, akilala vijijini. Mtu aliyevunjika mguu alipanda, na mtu mwenye miguu yote miwili alitembea.

Mnaweza kudhani nilifurahi. Wateja walihamia kwangu wote, maana hapakuwa na pengine. Walikaa kwenye mabenchi yangu na kusema, “Fundi angeinusa kwanza.” Niliinusa. “Fundi angetazama kitambaa.” Nilitazama kitambaa. Nilikataa kuosha injini nzee, nikapima dawa kwa kopo la tomati, nikakalia viti mpaka mgongo ukauma. Walisema, “Ndiyo, anafanya sawa na Fundi.” Sawa na. Kuwa na mpinzani aliyeondoka ni kubaya, hakosei tena.

Mwaka jana nilikwenda Kabambare. Nilisema nafuata vipuri. Barabara ilinichukua siku nzima na nusu ya afya yangu, na asubuhi ya Jumapili nilifika kwenye nyumba ya binti yake. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha kamba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, shati jeupe la kanisani mwilini. Suruali ilikuwa safi, kazi ya binti yake. Shemeji alikuwa ameshakwenda misani, kwa pikipiki.

“Nani huyu?” aliuliza, akiwa amegeuza sikio.

“Ni miye, Muzee. Jirani.”

“Usizime.” Hakuwa akiuliza habari zangu. Alikuwa akisikiliza injini. Akainuka kwa shida, akaja akipapasa, akaweka kiganja juu ya tangi.

Binti yake alitoka akaniambia kwa sauti ya kuchoka kwamba miguu ya baba yake imekataa, kwamba hajafika kanisani tangu mvua zilipoanza, na kwamba yeye mwenyewe amemwitia madereva wote wa mtaa. “Anawafukuza. Mpaka dereva wa paroko alimufukuza. Anavaa shati kila Yenga, siku ya misa, kisha anakaa.”

Yeye alikuwa bado ameinama juu ya injini yangu.

“Nani aliosha hii?”

“Ni miye.”

“Kiti ulitoa?”

“Nilitoa.”

“Ulikikalia?”

“Nilikikalia, Muzee. Kila mara. Tangu ile siku.”

“Na chai?”

“Kikombe muzima. Ya moto.”

Nilitaka kuendelea. Nilikuwa nimeyaandaa maneno juu ya beseni na jogoo njia nzima kutoka Kasongo. Nikasema, “Muzee, ile siku nilikudanganya.” Akatikisa kichwa, maana injini ilikuwa ikizunguka na mimi nilikuwa nikimzibia mlio wake.

Alisikiliza mpaka akaridhika. Kisha akapapasa, akalipata bega langu.

“Basi nipandishe, jirani.”

Jirani. Hata hapo. Binti yake aliweka mkono mdomoni, kisha akanisaidia kumpandisha. Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua amefumba macho, ingawa macho yenyewe hayakuwa na kazi kubwa tena. Niliondoka polepole, taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha maishani.

Kabambare yote ilikuwa njiani kwenda misani, na walimtambua kutoka mbali. Hakuna aliyenijua mimi. “Fundi!” walipaza sauti. “Jambo, Fundi! Fundi amepanda!” Wanawake walisimama, wanaume wakavua kofia. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeyashika mabega yangu kwa nguvu, na meno ameyauma. Hakuweza kupunga wala kujibu.

Nikaitika mimi.